Ukimya wa Ghorofani

Kelele za ghorofani zilikoma siku ya Jumatatu, na kufikia Jumatano Mayu Nyanjige alikuwa hana raha hata kidogo.

"Hawa vijana wana jambo," alimwambia binti yake Apolonia huku akikoroga uji wa wateja. "Mtu hanyamazi bure namna hii. Ama wanaumwa, ama wanapika gongo huko juu."

"Labda wamechoka, mama."

"Wachoke? Wale?"

Apolonia aliinamia cherehani yake. Ukimya ule ulimtesa kuliko ulivyomtesa mama yake, ila yeye hakuwa na mtu wa kumlalamikia.

Nyumba yao ilikuwa moja ya ghorofa chache za Bariadi miaka ile, na kuiita ghorofa ilikuwa ni kuikopesha sifa. Mfanyabiashara wa Kihindi aliyeijenga alikuwa amehamia Mwanza zamani, akaacha chini vyumba na baraza, na juu vyumba vitatu vyenye sakafu ya mbao. Mbao zile hazikujua kutunza siri. Mtu akiangusha kijiko juu, wa chini alijua ni kijiko na si uma. Kwa muda mrefu huko juu walikaa popo tu, na Mayu Nyanjige, yaani Mama Nyanjige kwa Kisukuma, mjane aliyepanga chini na kuuza chakula barazani, hakuwa na ugomvi na popo.

Kisha watu binafsi wakaruhusiwa kununua pamba. Kampuni zikaingia mjini na malori na mizani zao, na katika msimu wa pili mojawapo ikawapangia vijana wake wawili vyumba vya juu. Mmoja aliitwa Salvatory, karani wa ununuzi, mzaliwa wa Mwandoya, mrefu, mwenye macho ya kucheka hata anapokasirika. Wa pili alikuwa Method, dereva, ambaye kwa imani yake redio isiyosikika mpaka sokoni ilikuwa mbovu.

Basi ikawa vita. Salvatory alivaa mabuti tangu alfajiri na kutembea nayo kutoka ukuta hadi ukuta akitafuta kalamu ambayo, kama kawaida ya kalamu zake, ilikuwa sikioni. Viti viliburutwa. Method alipotangaziwa bao aliruka, na vumbi la mbao likashuka polepole mpaka ndani ya sufuria ya maharage. Hapo Mayu Nyanjige alifunga kanga kiunoni akapanda ngazi, na wateja waliokuwa barazani wakaweka vijiko chini ili wasikie vizuri.

"Wewe mtoto una miguu ya punda," alianza.

"Mayu, punda hapangi ghorofa," alijibu Salvatory mlangoni.

"Mama yako alikuzaa zizini?"

"Alinizaa hospitali, mayu. Zizini nilikwenda baadaye, kuchunga."

Siku moja alimtoa bafuni, na wakagombana mwanzo hadi mwisho kijana akiwa na taulo kiunoni na povu la sabuni kidevuni. Soko zima lililijua taulo lile ni la rangi gani. Ukweli ni kwamba wote wawili walikuwa wanaupenda ule ugomvi. Mayu Nyanjige alishuka kila mara akiwa amechangamka, na siku hiyo hata maharage yake yalipata chumvi ya kutosha.

Siku goti lilipomkamata, alimtuma Apolonia akagombe kwa niaba yake. Apolonia alipanda, akasimama mbele ya mlango ule, akasahau kila alichofundishwa.

"Nimetumwa kugomba," alisema.

Salvatory alimtazama. Akavua kofia. "Gomba basi."

"Sijui kugomba."

"Basi kaa kidogo, ili chini wadhani unagomba."

Alikaa kidogo. Kesho yake goti la mama lilikuwa limepona, lakini Apolonia alisisitiza kwamba bado linauma. Tangu hapo alianza kuzisoma nyayo za juu akiwa kitandani, akajua zipi ni za Method na zipi ni za Salvatory, akajua lini amechoka, lini amefurahi, lini amesimama tu dirishani. Kumpenda mtu kwa kumsikia akitembea ni jambo la ajabu, lakini ndivyo alivyompenda, na hakulionea haya. Jumapili iliyopita, wakitoka misani, Salvatory alimwuliza waziwazi kama atakubali kuolewa naye, na Apolonia akasema ndiyo, mara mbili, maana ya kwanza haikutoka vizuri.

Jumatatu ukimya ukaingia. Hakuna buti, hakuna kiti, hakuna redio. Salvatory hakupita tena barazani, hakusalimia, hakuonekana kwenye ngazi. Mtu ameambiwa ndiyo, akapotea. Apolonia alishona suruali ya mteja mguu mmoja nje na mwingine ndani, akafumua, akashona vilevile tena.

Jumatano hiyohiyo Mayu Nyanjige alishindwa kuvumilia. Alipanda ngazi kwenda kuona kama kuna maiti. Hakukaa hata dakika huko juu. Alirudi akizungumza peke yake.

"Nimemsalimu," alisema. "Nimemsalimu vizuri kabisa, mwangaluka, kama mtu na mtoto wake. Unajua amefanya nini? Amenipa mgongo. Amejifunika uso na shati, akakimbilia ndani, akafunga mlango. Mimi, Nyanjige, nafungiwa mlango kama mwizi."

"Labda hakukuona, mama."

"Ameniona. Msimu mzima anajibizana na mimi, leo amekuwa mtu mkubwa, hata salamu yangu anaiona inanuka. Jumapili baba yako mdogo akija kutoka Lingeka, nitamtuma kwa msimamizi wa nyumba. Wahame. Nitasema wote wawili, na vumbi lao."

Apolonia alisimamisha cherehani. Alichukua ndoo kama anayekwenda kuchota maji, akazunguka nyuma ya nyumba ili alie mahali pasipo na wateja. Huko nyuma kulikuwa na ngazi nyembamba ya chuma iliyoshika kutu, iliyowekwa zamani kwa ajili ya mafundi wa paa. Juu ya ngazi ile alimkuta Salvatory akishuka pekupeku, polepole, kila hatua akiijaribu kwa kidole gumba, na mabuti yake yamening'inia shingoni kwa kamba.

Aliweka ndoo chini. "Kumbe unanikimbia."

Salvatory nusura aanguke. Alishuka hatua za mwisho haraka, akasimama mbele yake akihema. "Sikukimbii wewe."

"Basi unamkimbia nani?"

Aliinua kidevu kuelekea jikoni, kule ambako sauti ya Mayu Nyanjige ilikuwa bado inasimulia.

"Mama? Umegombana naye msimu mzima, leo ndiyo unamwogopa?"

"Apolonia," alisema, na macho yake kwa mara ya kwanza hayakucheka. "Jumapili uliponiambia ndiyo, nililala usingizi mtamu sana. Asubuhi nikaweka mguu sakafuni, nikavaa buti moja. Halafu nikakumbuka chini yangu yuko nani. Nilikaa kitandani na lile buti moja mpaka jua likatoka. Nimekuwa nikimkanyaga mkwe wangu kichwani tangu msimu uanze."

Apolonia alishika mdomo. Kwa Wasukuma, mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Wakikutana njiani hupishana, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na neno likiwa la lazima hupitishwa kwa mtu wa tatu. Hapo hakuna chuki hata chembe. Heshima yenyewe ndiyo hiyo, na kijana asiyeijua kwao huonekana hakulelewa. Salvatory alikuwa amelelewa.

"Ndiyo maana umenyamaza?"

"Nimetandika magunia sakafuni. Viatu tunavua chini ya ngazi. Method namwomba msamaha kila jioni, anasikiliza mpira sikio likiwa limegandana na redio, na bao likiingia anauma mto." Alivuta pumzi. "Leo amenikuta mlangoni, akanisalimia. Ningefanyaje? Nilimpisha. Nilijifunika."

"Yeye anasema umemfungia mlango kama mwizi. Jumapili anakwenda kuwafukuzisha."

"Kwa kumheshimu?"

"Yeye hajui kama ni heshima. Hajui chochote."

Walitazamana, kisha Apolonia akaanza kucheka na kulia kwa wakati mmoja, akajifuta kwa upande wa kanga. Salvatory aliunyosha mkono kumfuta, akaurudisha, akaunyosha tena, na safari hii hakuurudisha.

"Nimeshatuma neno kwa baba Mwandoya," alisema kwa sauti ya chini. "Watakuja watu. Lakini mama yako akikataa, nitawaambia nini? Siwezi kukuiba, Apolonia. Nataka unipewe."

"Nitamwambia leo."

"Mwambie taratibu."

Hakumwambia taratibu. Jambo lile lilimtoka mbele ya mafiga, kwa pumzi moja, na Mayu Nyanjige alikaa juu ya kinu kilicholala bila kutazama kama ni kiti.

"Yule?" aliuliza.

"Huyohuyo, mama."

"Wa juu?"

"Salvatory."

Mayu Nyanjige alivuta kanga akaziba mdomo, na macho yake yakazidi kuwa makubwa kadiri alivyokumbuka. "Nimemwona na taulo," alisema. "Nimemwambia ana miguu ya punda. Nimemtukania mama yake, Apolonia, yule mama ambaye sasa unataka nikae naye mkeka mmoja." Alitikisa kichwa. "Haiwezekani."

"Yalikuwa maneno ya jirani tu."

"Mkwe ni mtu wa kuonewa haya. Kwa huyu, haya nitaitoa wapi? Tumeimaliza wote wawili pale kwenye ngazi, na soko lote linasikia." Sauti yake ikashuka, na utani ukaondoka ndani yake. "Baba yako, mpaka bibi yako, mama yangu, anakufa, hakuwahi kuona meno yake. Siku ya mazishi alisimama mbali, akatugeuzia mgongo, akalia peke yake. Watu wakasema, Nyanjige, umeolewa na mtu. Na mimi nilijiwekea hivyo, kwamba na mimi siku moja nitapishwa njia. Mtoto ninaye mmoja. Mkwe nitakuwa naye mmoja. Nimpate huyu niliyekwisha kumvua nguo kwa maneno?"

Apolonia hakuwa amelifikiria jambo hilo kutoka upande ule. Alipiga magoti karibu na kinu. "Mama, huyu anashuka kwa ile ngazi ya mafundi, pekupeku, ili tu asipite mbele yako. Nani mwingine atakupisha kiasi hicho?"

Mama yake aligeukia mafiga. Alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa, na kwa siku zote zilizobaki hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu chumvi imekwisha, kuni zimelowa, na mambo mengine ya namna hiyo, na kila ubao wa juu ulipolia kidogo alisimama kusikiliza, kisha akakumbuka, akakaa.

Jumapili mchana Baba mdogo Shigela alifika kwa lori la pamba, mashavu yakiwa na vumbi la njia nzima. Alikuwa mtu mnene wa maneno machache, mdogo wa marehemu baba yake Apolonia, na ndiye wa kuwapokea wageni wa Mwandoya au kuwarudisha. Alikaa barazani, akaletewa chai na michembe ya viazi vitamu, akasimuliwa yote tangu maharage hadi taulo. Kwenye taulo chai ilimpalia, wakamgonga mgongo.

"Shemeji," alisema alipopata pumzi, "hili nalo unataka mimi niamue?"

"Wewe ndiye baba yake sasa."

"Ng'ombe nitazungumza mimi. Ukoo wao nitauliza mimi, na nimeshauliza, ni watu wazuri. Lakini haya yako siwezi kuipima." Alitafuna mchembe wake taratibu kama mtu asiye na haraka ya kuoza wala kuoa. "Matusi ya jirani yanabaki ya jirani. Mkwe anaanza siku anapoanza. Wewe ukimwona si mkwe, panda ngazi ukamgombeze kama ulivyozoea, nami nitajua, nitawarudisha wale wazee kwa adabu. Ukimwona ni mkwe, sina la kukufundisha."

Apolonia alikuwa kwenye cherehani, mgongo kwao, mguu umesimama kwenye pedeli. Hakuthubutu kugeuka.

Na ingekuwa heri kama siku ile ingeisha hivyo, kwa ukimya. Lakini jioni hiyo kulikuwa na mpira wa ligi kutoka Dar es Salaam, na Method, baada ya wiki nzima ya kuuma mto, alifika mwisho wa uungwana wake. Bao liliingia. Redio ikafunguliwa mpaka mwisho. Method akaruka, akatua, akaruka tena, magunia yakashindwa kazi, na vumbi la mbao likashuka kwa utulivu wake wa zamani mpaka ndani ya kikombe cha Baba mdogo Shigela.

Wateja waliweka vijiko chini.

Mayu Nyanjige alisimama. Alifunga kanga kiunoni. Apolonia alimwona akiliacha baraza, akaona mguu wake ukikanyaga ngazi ya kwanza, kisha ya pili, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliomba mama yake aumwe goti. Baba mdogo Shigela alikitazama kikombe chake, hakukigusa.

Mlango wa juu ukafunguka kwa kishindo. Salvatory alitoka mbio, amemnyang'anya Method redio, ameikumbatia kifuani kama mtoto, nayo bado inapiga kelele. Nia yake ilikuwa kuipeleka popote pale, hata mtoni. Alishuka hatua kadhaa kabla ya kuinua macho. Mama mkwe wake alikuwa katikati ya ngazi, mdomo umeshafunguka, na neno liko tayari juu ya ulimi.

Hakuwa na pa kukimbilia. Mikono imejaa redio, hana hata shati la kujifunikia uso, maana alikuwa na fulana tu. Aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa redio, akafumba macho, akasimama hapo huku mtangazaji akiendelea kusimulia bao kwa furaha kubwa.

Mayu Nyanjige alimtazama. Baraza lote lilimwona akimtazama. Aliutazama ule mwili mrefu uliojikunja usionekane, na miguu ile aliyoisema msimu mzima, pekupeku juu ya mbao, imebanwa pamoja ili isitoe sauti. Kitu fulani kikamlegea usoni.

Akafunga mdomo.

Aliifungua kanga kiunoni, akaivuta juu ya kichwa mpaka ikamfunika uso. Akaugeukia ukuta. Kisha akashuka upandeupande, mgongo kwa yule kijana, polepole kwa ajili ya goti, akapita mbele ya wateja wote bila kumwangalia yeyote, akaingia nyuma ya pazia la chumba chake. Njia ilibaki wazi.

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja mbeba mizigo, aliyewahi kuusikia ugomvi wa taulo tangu mwanzo, alivua kofia.

"Apolonia," sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Abee, mama."

"Mwambie huyo mtu sauti ya redio iko juu."

Salvatory alikuwa bado palepale kwenye ngazi, na alikuwa amesikia kila neno. Apolonia alisimama, akamgeukia. "Mama anasema sauti ya redio iko juu."

Salvatory aliitafuta swichi, akaipata. Bariadi yote ikatulia. "Mwambie mama nimesikia," alisema.

"Amesikia, mama."

Baba mdogo Shigela aliinua kikombe, akapuliza vumbi pembeni, akanywa chai yake.

"Muulize kama amekula," ilisema tena sauti ile, na sasa ilikuwa na kilio ambacho mwenyewe alikuwa anakificha vibaya.

"Mama anauliza kama umekula."

Salvatory alitikisa kichwa.

"Hajala, mama."

"Basi mpelekee juu. Mkwe wangu hawezi kula hapa na mimi nipo."

Apolonia alifunua sufuria akaanza kupakua, na machozi yakamdondoka mbele ya watu wote, wala hakuyafuta.